Kimya cha kromatini, nacho hukata

Muulize mwanafunzi wa baiolojia pale Chiromo au kule Kahawa, kampasi za vyuo vya Nairobi, kwa nini sehemu za kromosomu zilizonyamazishwa, yaani ambazo jeni zake zimezimwa, hazikatiki wakati wa meiosisi, ule mgawanyiko wa seli unaozaa seli za uzazi, atakujibu bila kusita: zimefungwa, kimeng'enya cha kukata hakifiki. Jibu hilo linapewa nguvu na mchoro uleule wa vitabu vya kiada, DNA iliyokunjwa na kubanwa kama leso ndani ya sanduku. Si la uongo, ila linaishia mlangoni. Halielezi kwa nini, ukiinyima hamira uwezo wa kunyamazisha, mikatiko hupungua mahali pengine ambapo hapakuwa na kimya chochote. Wala halielezi kwa nini kwenye ukingo wa eneo lililonyamazishwa, hatua chache tu kutoka kwenye kimya chenyewe, DNA huwa hatarini hasa.

Hoja ya makala hii ni kwamba kimya cha kromatini, yaani cha DNA pamoja na protini inazozungushiwa, ni mgawaji. Kinanyima hapa, kinasukumia pale, na mpakani kinaweka hatari ambayo bila chenyewe isingekuwepo. Anayekitazama kama kifuniko tu atayasoma vibaya matokeo yake, na njia za kuyasoma vibaya ni nyingi kuliko za kuyasoma sawasawa.

Tuanze na hamira yenyewe. Saccharomyces cerevisiae ndiyo hamira ya mkate na mandazi. Ina kromosomu 16 na jenomu, yaani DNA yake yote, ya takriban jozi za besi milioni 12, ambayo mfuatano wake ulikamilika mwaka 1996. Seli yenye seti mbili za kromosomu ikinyimwa naitrojeni na sukari, ikabakiwa na asetati tu, huingia meiosisi na kutoa spora nne ndani ya kifuko kimoja. Katikati ya safari hiyo hufanya jambo ambalo seli yoyote nyingine ingelikimbia: hujikata DNA yake kwa makusudi, nyuzi zote mbili, mara 150 hadi 200 hivi. Mikatiko hiyo ikirekebishwa kwa kutumia kromosomu mwenzi kama kiolezo, baadhi huzaa mabadilishano ya vipande, karibu 90 katika meiosisi moja. Mabadilishano hayo ndiyo yanayowashikilia wenzi wawili pamoja hadi wavutwe pande tofauti. Yasipokuwepo, kromosomu hugawanywa kiholela, na spora zinazobaki hai hazifiki hata 2 kati ya 100.

Anayekata ni protini Spo11. Kazi yake ilithibitishwa mwaka 1997, ilipobainika kuwa ni ndugu wa topoisomerasi, kimeng'enya cha kukata DNA, ya arkea, viumbe wa seli moja wanaofanana na bakteria. Hukata kwa tairosini, asidi amino iliyo kwenye nafasi ya 135, kisha hubaki imeng'ang'ania ncha ya DNA. Ukibadilisha tairosini hiyo moja kuwa fenilalanini, protini inatengenezwa kama kawaida lakini hakuna mkatiko hata mmoja. Mutanti huyo anafaa kuwa kidhibiti cha kila jaribio, na jaribio lisilokuwa naye lina pengo. Baadaye Mre11, Rad50 na Xrs2, wakisaidiwa na Sae2, huikata DNA kando ya Spo11 na kuiachilia ikiwa bado imebeba kipande kifupi cha nyukleotidi. Vipande hivyo vikikusanywa na kusomwa, vinakuambia mkatiko ulitokea kwenye besi ipi hasa. Ramani ya namna hiyo iliyochapishwa mwaka 2011 ilionyesha vitovu, yaani mahali mikatiko inaporundikana, kama 3,600, vingi mno vikiwa kwenye maeneo ya kuanzishia jeni, mahali ambapo DNA haijazungushiwa nukleosomu, yale mafundo ya protini ziitwazo histoni.

Hapo ndipo wengi huhitimisha: palipo wazi hukatika, palipofungwa hakukatiki. Lakini hamira ina maelfu ya maeneo wazi yasiyo vitovu, na vitovu vyenyewe hutofautiana nguvu mara mia na zaidi. Uwazi ni sharti la kwanza tu. Spo11 haifanyi kazi peke yake. Inahitaji Rec102, Rec104, Ski8, Rec114, Mei4, Mer2 na ule utatu wa Mre11, na wengi wa hawa hukaa kwenye mhimili wa kromosomu, uti wake wa protini, pamoja na Red1, Hop1 na Rec8, ilhali DNA inayokatwa iko kwenye vitanzi vinavyoning'inia kutoka mhimilini. Kitanzi lazima kivutwe hadi mhimilini. Mwaka 2013 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kiungo kimojawapo cha kuvuta: protini Spp1 hushika asidi amino ya laisini ya 4 ya histoni H3 iliyowekewa alama ya kikemia, methili, na kimeng'enya Set1, na mkono wake mwingine humshika Mer2. Kwa hiyo swali la mahali pa kukatika lina sehemu tatu: je, DNA iko wazi, je, histoni zilizo jirani zina alama ya kushikwa, na je, mhimili wa pale una Hop1 ya kutosha? Kimya kinagusa zote tatu. Mchoro wa leso sandukuni unaonyesha ya kwanza peke yake.

Sasa kimya chenyewe. Katika hamira hii kinajengwa na protini za Sir. Sir2 huondoa asetili, alama nyingine ya kikemia, kwenye histoni, hasa laisini ya 16 ya histoni H4, na kwa kila asetili inayoiondoa hutumia molekuli moja ya NAD. Kazi hiyo ilijulikana mwaka 2000. Sir3 na Sir4 hushika histoni zilizoondolewa asetili na kumleta Sir2 mwingine, na hivyo kimya kinasambaa kutoka nukleosomu moja hadi nyingine. Makazi yake ni matatu. Ya kwanza ni HML na HMR kwenye kromosomu ya III, ghala za nakala zilizofichwa za jeni za jinsia ya hamira. Ya pili ni maeneo ya jirani na telomea, ncha za kromosomu. Ya tatu ni rDNA, jeni za RNA ya ribosomu, kwenye kromosomu ya XII, ambako Sir2 hufanya kazi bila Sir3 wala Sir4, ikishirikiana na Net1 na Cdc14. Tofauti hii ya makazi ya tatu iwekwe akilini, maana ndiyo itakayotuokoa baadaye.

Mfano wa kifuniko unatoka HML na HMR, na ni mfano mzuri. Kimeng'enya HO kinatambua mfuatano uleule kwenye MAT, mahali panapoamua jinsia ya seli, na kwenye HML na HMR, lakini katika seli ya kawaida hukata MAT tu. Ondoa Sir, nacho hukata zote tatu. Hapa kimya kimefunga mlango kweli. Jambo kama hilo linaonekana pia kwenye Ty, zile jeni zinazohamahama: kazi iliyochapishwa mwaka 2004 ilionyesha kwamba kromatini iliyobanwa ya Ty huweza kuzima kitovu cha mikatiko kilicho jirani yake. Lakini HO ni mkasi mmoja unaotafuta mfuatano mmoja. Spo11 haina mfuatano maalumu, inategemea kundi zima la protini, na idadi ya mikatiko yake inadhibitiwa. Mkasi unaozuiwa mahali pamoja hutafuta pengine.

Ndiyo maana matokeo ya mwaka 2007 yalikuwa muhimu. Watafiti waliofuta SIR2, jeni inayotengeneza Sir2, na kupima mikatiko kwenye jenomu nzima waliona mabadiliko katika takriban 12% ya jeni zote, na mabadiliko yenyewe yalienda pande mbili: kuna palipopanda, kuna palipopungua. Kama kimya kingekuwa kifuniko tu, kukiondoa kungepandisha mikatiko pale kilipokuwepo na kuacha kwingine kama kulivyo. Huko kupungua hakuelezeki kwa kifuniko.

Kunaelezekaje basi? Njia ni tatu, na haziondoani. Ya kwanza ni ushindani. Imejulikana tangu miaka ya 1990 kwamba ukipandikiza kitovu kipya chenye nguvu, vitovu vya jirani vinafifia. Protini Tel1 ni mmoja wa wanaosimamia hali hiyo, kwani mkatiko mmoja ukitokea huzuia mingine isitokee karibu nao. Fungua eneo lililokuwa kimya, nalo litaanza kunyang'anya. Ya pili ni ratiba ya kunakili DNA. Mikatiko hufuata kunakiliwa kwa DNA ya eneo husika kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili, na Mer2 hupewa fosfeti na kinasi, vimeng'enya vilevile vinavyoanzisha unakili. Sir2 huzuia vianzio vingi vya unakili ndani ya rDNA. Ukiifuta, vianzio hivyo vinaamka na kugombania vitendea kazi na vianzio vya jenomu iliyobaki, na ratiba nzima inasogea. Sehemu iliyochelewa kunakiliwa itachelewa kukatwa, na ukichukua sampuli mara moja tu, utasema mikatiko imepungua kumbe imechelewa. Ya tatu ni protini zenyewe kuhama. Sir2 si nyingi ndani ya seli, na makazi yake matatu yanagawana hazina hiyo moja. Ukifuta SIR4, Sir2 iliyokuwa telomeani huhamia kwenye nukleolasi, sehemu ya kiini ambamo rDNA hukaa, na kimya cha rDNA hukaza zaidi.

Mpaka wa rDNA ndio unaonivutia kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo.

rDNA ni nakala 100 hadi 200 za kipande chenye jozi za besi 9,100, zimepangwa mfululizo kama shanga zinazofanana. Chukua nakala 150: ni jozi karibu milioni 1.4. Kama eneo hilo lingekatwa kwa kiwango cha jenomu iliyobaki, lingepata mikatiko kama 18 kila meiosisi. Kila mmoja ungekuwa balaa, kwa sababu ncha iliyokatika hutafuta mfuatano unaofanana nayo ili irekebishwe, na hapa kila nakala inafanana na jirani yake. Ncha ya nakala ya 40 ikijibandika kwenye nakala ya 70 ya mwenzi, mabadilishano yatatoa kromosomu moja iliyopoteza nakala 30 na nyingine iliyoongezewa 30. Lakini hayo hayatokei kwa kawaida. Mwaka 1977 ilishaonyeshwa kwamba rDNA yote hurithiwa kama jeni moja, karibu bila kuvunjwa katikati. Mwaka 1989 ikajulikana kwamba Sir2 huzuia rekombinisheni ndani yake.

Namna inavyozuia ndiyo inayoutikisa mchoro wa leso. Sir2 humleta Pch2 kwenye nukleolasi, na kazi ya Pch2 ni kumwondoa Hop1 kwenye kromosomu. Uhusiano huo uliripotiwa mwaka 1999. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ulinzi wa rDNA ni kuutoa mhimili vifaa vyake. DNA ya rDNA wala haijafungwa yote: jeni zake husomwa ili kutengeneza RNA kwa kasi kuliko jeni nyingine yoyote ya seli. Iko wazi mchana kutwa na bado haikatwi, kwa kuwa Hop1 hayupo wa kuiita Spo11.

Kisha mwaka 2011 ikaja kazi iliyogeuza swali. Ilipimwa mikatiko kwenye nakala za mwisho za rDNA, zile zinazogusana na kromosomu ya kawaida. Pch2 au Orc1, protini ijulikanayo kwa kuanzisha unakili wa DNA, ikikosekana, mikatiko hupanda hapo mpakani hasa, na nakala za pembezoni huanza kupotea na kuongezeka. Hadi hapo tungesema ulinzi umelegea. Lakini walipomwondoa Sir2 pia kwenye seli zisizo na Pch2, ile ziada ya mpakani ilitoweka. Yaani mikatiko ya mpakani ilihitaji kimya ili itokee. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapa mshindo huo unaonekana kwenye jeli ya kupimia DNA. Sir2 inatuliza katikati ya rDNA, lakini pale kromatini iliyonyamazishwa inapokutana na ile iliyo wazi panazaliwa hali inayopendeza mno mashine ya kukata, na seli imelazimika kuweka walinzi maalumu pale, Pch2 na Orc1.

Hii ndiyo sababu kusema kimya kinazuia mikatiko bila kutaja umbali kutoka mpakani hakumwambii msomaji kitu. Kipimo cha wastani kwa eneo zima kitachanganya katikati iliyotulia na ukingo unaowaka, na jibu litatoka sifuri.

Sasa tushuke kwenye meza ya kazi, maana jaribio hili linawezekana Nairobi bila bajeti ya kutisha, na baadhi ya mambo yanayoliharibu ni ya Nairobi hasa.

Hamira ya dukani usiitumie. Nyingi kati ya hamira za kuoka zina seti za kromosomu zaidi ya mbili, au zisizolingana, na hutoa spora chache zenye afya mbaya. Tumia ukoo wa SK1, ambao huingia meiosisi karibu wote kwa pamoja. Kuza kwanza kwenye chakula chenye glukosi, kisha uhamishie kwenye chakula cha asetati: dondoo ya hamira 1%, triptoni 2%, asetati ya potasiamu 1%, pamoja na bafa ya fthaleti milimola 50. Anza na OD (kipimo cha wingi wa seli) ya 0.3, tikisa kwa saa 16 kwenye nyuzi 30. Osha mara mbili kwa maji safi, kisha weka kwenye asetati ya potasiamu 0.3% kwa OD ya 1.9. Hesabu saa kuanzia hapo. Mikatiko huonekana saa ya 3 hadi ya 4 na hupotea kufikia saa ya 6 hivi, seli zinapogawanyika. Chukua sampuli saa 0, 2, 3, 4, 5, 6 na 8, na katika kila sampuli hesabu chini ya hadubini seli zenye kiini kimoja, viwili na vinne. Bila hesabu hiyo hutajua kama mutanti wako anakata kidogo au anakwenda polepole.

Hewa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Hamira inayokula asetati lazima ipumue. Mililita 25 kwenye flaski ya mililita 250 ni sawa. Ukijaza 100 kwa kubana nafasi, seli zitakaa tu, na utalaumu jeni. Kukatika kwa umeme nako kuna gharama yake. Mashine ya kutikisa ikisimama dakika 40 katika saa ya pili, seli zinakosa hewa na joto hushuka kuelekea la chumba, ambalo Nairobi mara nyingi halifiki nyuzi 25. Zikiamka hazitaamka pamoja. Kundi hilo litupwe, hata kama ni la nne wiki hiyo.

Halafu kuna otoklevu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 83 badala ya 101. Otoklevu ya kizamani inayofuata geji, ukiiweka pauni 15 kwa inchi ya mraba kama kitabu kinavyosema, itafika nyuzi 118 hivi, si 121. Unahitaji karibu pauni 17.5 kwenye geji, au uongeze muda, na ufuate kipimajoto badala ya geji. Chakula cha asetati kisichoiva sawasawa huota bakteria ndani ya zile saa 16, nao wanaimaliza asetati kabla ya hamira.

Kuhusu DNA: mkatiko mmoja kwenye kromosomu ya jozi laki tatu hauonekani ukishaivunja DNA kwa pipeti. Seli zifungwe kwanza ndani ya vijipande vya agarosi, ukuta wake uyeyushwe humohumo kwa kimeng'enya cha zaimolyesi, protini ziondolewe kwa proteinasi K, ndipo vijipande viingizwe kwenye jeli ya agarosi 1%. Jeli iwe ya kubadilisha mwelekeo wa umeme: volti 6 kwa sentimita, nyuzi 14, mabadilisho ya sekunde 60 kwa saa 15 kisha sekunde 90 kwa saa 9. Nyuzi 14 zinahitaji kipoza maji kinachofanya kazi usiku kucha. Kikizimika saa nane usiku, asubuhi utakuta kanda zimetambaa upande mmoja kama nta iliyopata jua. Kwa kromosomu ya III, kipimio, yaani kipande cha DNA kinachojibandika kwenye mfuatano wake, cha jeni CHA1 kwenye ncha ya kushoto kinakupa picha safi: ukanda mmoja mnene juu, wa kromosomu nzima, na chini yake kanda nyembamba, kila moja ikiwa umbali kutoka ncha ya kushoto hadi mahali palipokatika. Kwa mpaka wa rDNA, kata DNA kwa kimeng'enya kinachoacha nakala ya mwisho pamoja na kipande cha kromosomu ya kawaida, na kipimio kikae upande wa kawaida. Kipimio cha ndani ya rDNA kitashika nakala zote 150, na hutaona mpaka kamwe.

Kwenye tafsiri ndipo makosa ya gharama kubwa yalipo. Watafiti wengi wa mwanzo walitumia mutanti rad50S, ambaye huacha mikatiko bila kuichakata ili irundikane na ihesabike kwa urahisi. Ni njia nyepesi, lakini ramani za mwaka 2007 zilizopimwa kwenye dmc1, ambako ncha huchakatwa lakini hazirekebishwi, zilionyesha mikatiko mingi katika maeneo ambayo rad50S ilikuwa imeyatangaza makavu. Kuripoti kwa rad50S peke yake kwamba telomea ni kavu ni kuripoti tabia ya rad50S. Pima pia kwenye seli ya kawaida, hata kama ukanda ni hafifu.

Wanaosoma DNA kwa mashine za kisasa wana mtego wao. Maeneo yaliyonyamazishwa ndiyo yenye marudio: rDNA, vipande vya Y' na X karibu na telomea. Jenomu ya rejea ina nakala mbili tu za rDNA, na programu nyingi za kupanga vipande hutupa kile kinachofaa sehemu zaidi ya moja. Ukiziacha zitupe, utaandika kwamba maeneo ya kimya hayana mikatiko, kumbe umeyafuta wewe kabla ya kuhesabu. Sema wazi marudio umeyafanyaje. Tena, asilimia haisemi jumla. Kama mikatiko yote imeongezeka mara mbili, ramani ya asilimia itabaki vilevile. Ongeza kiasi kinachojulikana cha seli za spishi nyingine mwanzoni kabisa, kabla ya kutoa DNA, ili uwe na kipimo cha kulinganishia.

Wapo wanaokwepa kufuta jeni na badala yake kutia nikotinamidi, milimola 5, kuzima Sir2. Ni rahisi na bei yake ni ndogo, lakini nikotinamidi huzima na ndugu zake, akiwemo Hst1, ambaye pamoja na Sum1 hufunga jeni za katikati ya meiosisi hadi wakati wake. Ukizifungua mapema umeharibu ratiba yote. Kwa swali hili siikubali. Tumia mutanti wa Sir2 mwenye histidini ya 364 iliyogeuzwa kuwa tairosini: protini ipo, kazi yake haipo.

Na hapa lile jambo la makazi matatu linarudi. Kufuta SIR2 peke yake hakutenganishi chochote, kwa kuwa kunafungua yote kwa pamoja. Weka SIR3 iliyofutwa kando yake. Mutanti huyo hupoteza kimya cha telomea na cha HML na HMR lakini rDNA inabaki imetulia. Badiliko linaloonekana kwa wote wawili lina uwezekano wa kutoka telomeani. Linaloonekana kwa SIR2 tu linatoka rDNA au kwenye ratiba ya unakili, na hapo pima kiasi cha DNA kwa kila seli kila nusu saa kabla hujaandika sentensi yoyote. Hakikisha pia seli zako ni za jinsia mbili, a na alfa. Seli yenye seti moja ikipoteza Sir hujiona ina jinsia zote mbili, kwani HML na HMR zimefunguka, na ulinganisho wake na seli ya kawaida unakosa maana.

Mwishowe, fungua vifuko vya spora. Kwa sindano ya kioo chini ya hadubini, panga spora nne za kila kifuko mstari mmoja kwenye sahani, vifuko 40 angalau, na usisome wastani wa zilizo hai peke yake. Vifuko vyenye spora hai 4, 2 na 0 vikizidi, ilhali vya 3 na 1 ni vichache, kromosomu hazikuachana vizuri katika mgawanyiko wa kwanza, dalili ya mabadilishano kukosekana. Vifo vikitawanyika bila mpangilio, tafuta mikatiko isiyorekebishwa au nakala zilizopotea.

Haya yanawahusu pia wasiogusa hamira. Wazalishaji wa mbegu za mahindi, KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano kilicho na ofisi Gigiri, wanafanya kazi na kromosomu ambazo sehemu kubwa kuzunguka sentromea, kile kiuno cha kromosomu, imenyamazishwa na karibu haibadilishani vipande. Jeni mbaya ikikaa hapo jirani na nzuri, unaweza kupanda misimu mingi bila kuzitenganisha. Shauku ya kuondoa kimya ili kuzifungua inaeleweka kabisa. Lakini katika Arabidopsis, mmea wa maabara, mutanti ddm1 aliyepoteza methili ya DNA hakutoa kilichotarajiwa: mabadilishano yaliongezeka kwenye mikono ya kromosomu, iliyokuwa wazi tangu awali, na si karibu na sentromea. Ilipoondolewa alama nyingine, methili mbili za laisini ya 9 ya histoni H3, ndipo maeneo ya jirani na sentromea yakabadilishana zaidi. Hamira haina kabisa alama hiyo ya laisini ya 9, ila mwenendo wa kugawa upya ni uleule. Anayechunguza mahindi yaliyolegezwa kimya aweke alama za jeni sehemu tatu tangu kizazi cha kwanza: ndani ya eneo lililokuwa kimya, kwenye ukingo wake, na mbali mkononi, na azihesabu zote tatu kabla ya kuchagua mche wa kupeleka shambani.